Makufuli Mawili ya Stoo ya Bwera

Stoo yetu ya Bwera ilikuwa na mlango mmoja na makufuli mawili. Dirisha haikuwa nalo. Baba alisema dirisha ni la nyumba wanamolala watu, na chumvi hailali. Makufuli yenyewe aliyanunua Kasese, duka moja, siku moja, lakini alibishana bei ya kila moja peke yake kana kwamba ni vitu visivyojuana. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Mwenye duka alichoka akapunguza mara mbili. Tangu siku hiyo sijawahi kuuliza bei ya vitu viwili kwa mpigo.

Sababu ya makufuli mawili ilitoka ng'ambo. Kabla hatujavuka mpaka, Baba na mdogo wake walikuwa na stoo ya kahawa Butembo. Ndugu wawili, ufunguo mmoja. Yalipokuja machafuko baada ya uhuru wa kule, Baba alitupeleka milimani kujificha. Aliporudi mjini alikuta stoo imefagiwa, hata mizani haipo, na mdogo wake amehama bila kuaga. Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa vizuri, na baadaye ukafungwa vizuri. Nadhani hilo la kufungwa vizuri lilimuuma kuliko kahawa.

Kwa hiyo tulipotulia Bwera, akaanza upya na chumvi, samaki wakavu wa Kahendero na vitenge, aliapa kwamba stoo yake haitafunguliwa tena na mtu mmoja. Akafunga kufuli moja juu, jingine chini. Halafu akazitia funguo zote mbili kwenye kamba moja ya ngozi, akaifunga kiunoni mwake.

Ndiyo. Kwa miaka yote ya uhai wake mlango wa watu wawili ulifunguliwa na mtu mmoja. Alikuwa akifungua kufuli la juu, anatulia kidogo kama anayempisha mwenzake, halafu anainama kufungua la chini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, ila kwa ndani, maana nje ilikuwa na gharama.

Kwetu Wakonzo, na kwa ndugu zetu Wanande wa upande wa pili, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mtu akikuita tu, ameshakuhesabu. Mimi ni wa tatu, nina kaka wawili juu yangu. Sokoni wa tatu hukuta machicha. Nyumbani pia. Jumapili baada ya misa Baba alikaa kwenye kiti chake cha mikono, kaka zangu wakakaa kwenye benchi, na mambo ya duka yakazungumzwa. Mimi niliingia na chai. Nikiwa nataka kusema kitu, nilikuwa nachelewa kumimina.

Na nilikuwa na vya kusema, kwa sababu duka lilikuwa mikononi mwangu. Nilitolewa shule darasa la sita nikawekwa kaunta. Kaka mkubwa alikuwa mtu wa kusalimiana na watu. Akitoka asubuhi kwenda kununua kamba, alirudi mchana na habari za ukoo mzima bila kamba. Kaka wa pili alisoma zaidi, akapata kazi ya karani wa stoo kwenye mgodi wa shaba Kilembe, akawa mtu wa kalamu mfukoni. Anayeshuka Katwe kununua chumvi nilikuwa mimi. Ukisimama kando ya vile vidimbwi vya chumvi, jua la juu linakupiga na la chini linarudi usoni, na harufu ile kama mayai yaliyooza. Wenye vidimbwi hawapendi kubishana wakiwa juani. Nami nilikuwa nakwenda saa saba mchana makusudi.

Baba alipougua, akalazwa, akatuita sote kando ya kitanda. Alifungua kamba ya ngozi kwa shida. Vidole vilikuwa vimemwisha nguvu. Ufunguo wa juu akampa kaka mkubwa. Wa chini akampa kaka wa Kilembe.

"Mlango utafunguliwa na wawili," alisema. "Atakayevunja kufuli langu, si mtoto wangu. Asije hata kwenye kaburi."

Nilingoja. Kamba ilikuwa tupu.

"Na mimi, Tata?" Ndivyo tulivyomwita, Tata.

"Wewe utaolewa. Ufunguo wangu hauwezi kwenda kulala kwa watu."

"Na chumvi nani atanunua?"

"Utanunua wewe. Nimekukataza kununua?"

Kaka mkubwa alikohoa. Kaka wa pili aliutazama ufunguo wake mbele na nyuma, kama anatafuta namba yake. Baba aliishi siku chache baada ya hapo, na katika siku hizo hakubadilisha neno.

Niliolewa kweli, Muhokya, na mkulima wa pamba mpole asiyejali mke wake yuko soko gani mradi amerudi. Nikaendelea na kazi. Kaka mkubwa alihamia kwenye kiti cha Baba, kiti chenyewe, cha mikono. Kila tulipotaka kufungua stoo, kaka wa Kilembe alishuka hadi Kasese, akapanda basi, akapita Muhokya, akapita mbuga yenye tembo, akafika Bwera amejaa vumbi, akafungua kufuli la chini, akasimama mpaka mizigo itoke, akafunga, akarudi. Kaka mkubwa yeye alivuka ua tu.

Hilo la nauli lilikuwa linawasha moto tangu mwanzo. Mimi niliuzima kwa njia ya soko. Kaka wa Kilembe akifika, nilikuwa nampa nauli yake kimya kimya kutoka kaunta, amekunja kiganja, kama anapokea sakramenti. Kaka mkubwa hakujua, au alijua akanyamaza. Mambo yakaenda.

Kisha ukaja ule wakati wa upungufu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, maduka yao yamegawiwa watu ambao wengine waliuza hadi rafu. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Hapo nikaona kwamba kile tulichokuwa tunakikanyaga Katwe kimekuwa fedha. Nilikwenda kwa kaka mkubwa nikamwambia tutoe kila kitu tulicho nacho, samaki wote, vitenge vyote, tugeuze chumvi, tuiweke, maana bei inapanda kila siku ya soko, na ng'ambo inapanda mara mbili. Alifikiri. Akasema, "Tata angekubali." Hakusema yeye anakubali. Kwake ilikuwa vilevile.

Niliuza hadi mizani ya akiba. Nilitia na mavuno ya pamba ya mume wangu, ambaye aliniuliza swali moja tu: "Itarudi?" Nikamjibu itarudi na watoto wake. Nikashuka Katwe na lori la kukodi, nikarudi na magunia sitini. Niliyahesabu yakishuka, na yalipokwisha kupangwa nikayahesabu tena kuanzia ukutani. Sitini. Mali yote ya nyumba ya Baba ilikuwa ndani ya chumba kile kisicho na dirisha. Kama ingeuzwa vizuri, tungekuwa watu. Kama isingeuzwa, tusingekuwa na hata duka la kuuzia viberiti.

Kaka zangu wakafunga, wa juu juu, wa chini chini. Kaka wa Kilembe akanigeukia, kiganja kimekunjwa. Nikatikisa kichwa. Kaunta haikuwa na kitu. Nilikuwa nimeikomba kwa ajili ya chumvi. Basi akamgeukia kaka mkubwa, mbele ya wapagazi.

"Nauli yangu."

"Nauli ya nini?"

"Ya kurudi. Na ile ya kuja, ukipenda."

"Mtu hulipwa nauli kuja kwao?"

"Kwetu sasa ni Kilembe. Hapa nakuja kazini."

"Kazini kwa nani?"

"Kwa Tata."

"Tata amekufa."

"Basi kazi yake nimeacha," alisema. Akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Wapagazi walicheka. Kaka mkubwa alicheka nao. "Atarudi," akasema. "Njaa ina miguu."

Haikuwa na miguu. Mgodi ulikuwa unamlipa.

Siku ya soko iliyofuata alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, medali ya Bikira Maria shingoni na bunda la noti mahali ambapo sitapataja. Alikuwa anatafuta chumvi nyingi kwa mara moja. Tulibishana kutoka asubuhi hadi jua likawa kichwani.

"Mama, unaniua! Hiyo bei ni ya chumvi ao ya ng'ombe?"

"Ng'ombe halambi kitu kingine. Kaulize pengine."

"Nimeuliza. Ndiyo maana niko hapa nakulilia."

Tulipatana. Ilikuwa bei ambayo hata Baba angeivulia kofia. Angekuja na kamyo yake, ndilo lori kwa Kiswahili cha kwao, soko la Ijumaa, apakie yote. Akataka kuonja kwanza, aone kama ina mchanga. Nikamwambia stoo imefungwa, wenye funguo wawili, mmoja hayupo.

"Na chumvi ulinunua wewe?"

"Mimi."

"Na funguo iko na nani?"

"Na kaka zangu."

Aliguna. "Hata kwetu funguo beko nayo banaume. Lakini ba kwetu, ukibaita, banakuyaga."

Wa kwao wakiitwa huja, ndivyo alivyosema.

Jioni nilimwomba kaka mkubwa amtumie mwenzake nauli, ni shilingi chache tu, chumvi yenyewe ingezizaa kabla hajashuka kwenye basi. Alikuwa kwenye kiti. "Ufunguo mdogo huufuata mkubwa," alisema. Nikamwambia funguo zinalingana, nilikuwepo zikinunuliwa, hata bei zililingana. Akasema sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri sana.

Kesho yake nikapanda lori la mihogo kwenda Kasese, nikapandisha Kilembe, nikamkuta kaka yangu katika nyumba za wafanyakazi, ameketi kibarazani anavua viatu. Alifurahi kuniona. Alimwambia mkewe anipikie. Nikamwekea shilingi mezani, zangu mwenyewe, nikasema, "Yaya mkubwa ametuma nauli." Yaya, kwetu, ni kaka.

Alizitazama bila kuzigusa. "Amesema nini?"

"Amesema, njoo, ndugu yangu, tufungue."

Akaanza kuvaa tena kiatu, kisha akaishia katikati ya kufunga kamba. "Amesema 'ndugu yangu'?"

"Ndiyo."

"Dada, huyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita ndugu yangu. Ananiita 'wewe'." Akazisukuma zile shilingi kwangu. "Hizi zako. Mimi nataka zake."

Ningemwambia tu "amesema wewe njoo", pengine angekuja. Nilitia sukari palipotakiwa chumvi. Basi nikajaribu mlango mwingine.

"Huko mgodini, stoo yenu inafunguliwaje?"

Hilo alilipenda. Akaeleza kwa mikono: karatasi ya kuomba, saini ya mkuu wa idara, saini ya mtunza stoo, bila hizo mbili hata msumari hautoki.

"Na mmoja wao akiugua?"

"Anatia saini msaidizi wake."

"Akifa?"

"Vilevile."

"Sasa sisi msaidizi wetu ni nani?"

Mkewe, aliyekuwa ananimiminia chai, alichelewa kumimina, nikamtambua mwenzangu. Mwishowe kaka akasema, "Tata hakusema msaidizi. Tata alisema wawili."

Wakati huo mvua ilikuwa imeanza. Mvua ya Kilembe haianguki, inateremka. Ndani ya nusu saa ulisikia mto Nyamwamba unasukuma mawe kama mtu anahamisha vyombo. Nikamwambia ikinyesha hivi huku, na Bwera inanyesha. "Stoo ya Tata haivuji," alisema. Alikuwa sahihi. Bati halikuvuja hata tone.

Maji yalitoka chini. Niliporudi Bwera nilikuta mkondo kutoka kilimani umejikatia njia nyuma ya stoo na kuingia chini ya ukuta. Magunia yalikuwa juu ya mbao, lakini mbao za unene wa kiganja, si za kuzuia mto. Mbele, chini ya mlango wa makufuli mawili, yalikuwa yanatoka maji meupe, taratibu, bila kelele. Nilichovya kidole nikaonja, ingawa nilijua. Mbuzi wa jirani walikuwa wamefika kabla yangu, wanalamba kizingiti. Nyuma ya mbuzi walikuja kina mama na mabeseni. Siwalaumu. Chumvi ilikuwa imekosekana, na hii ilikuwa inatembea yenyewe kuwafuata.

Kaka mkubwa alikuwa amesimama uani na jembe. Alikuwa amechimba mfereji wa kugeuza mkondo, na alichimba vizuri, lakini maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa ndani na magunia yalikuwa ndani.

"Vunja, Yaya," nilimwambia.

"Umesahau Tata alisema nini?"

"Alisema kufuli. Basi tutoboe ukuta. Ukuta hakuutaja."

Aliufikiria ukuta. Naapa aliufikiria, alikwenda hadi kwenye kona, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Kwa muda huo mfupi nilikuwa na magunia yangu yote ya juu, nimeshayapanga kichwani kwenye kamyo ya yule mama.

"Nikitoboa," alisema, "yule wa Kilembe atasema nimeiba. Ataleta watu waone tundu. Mimi, mtoto wa kwanza, nionekane nimetoboa nyumba ya Tata kama panya?"

"Kwa hiyo afadhali iyeyuke?"

"Ikiyeyuka hakuna aliyeiba."

Nilishika jembe mwenyewe. Akalishika upande wa pili. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alilishikilia tu, na ana mikono ya Baba. Tulisimama hivyo mbele ya mabeseni ya watu, mtoto wa kwanza na wa tatu, tunavutana mpini, mpaka mmoja wa wale kina mama akasema, "Sogeeni basi, mnatuchafulia maji." Nikauachia.

Ijumaa kamyo ilifika. Yule mama alishuka, akatazama kizingiti, akatazama mbuzi, akajishika kiuno. Hakunicheka. Alisema angengoja mupaka saa tisa. Alingoja, akanunua chumvi ya watu wengine sokoni, kilo kilo, nyingine nadhani ilikuwa ya kwetu imekaushwa juani. Alinipa pole na kipande cha sabuni. Sabuni ile ndiyo faida pekee niliyoipata katika biashara hiyo.

Kaka wa Kilembe alifika Jumapili, kwa nauli yake. Hakuja kwa sababu ya chumvi. Alikuwa amesikia Kasese kwamba watu wa Bwera wanatoboa stoo. Alipita katikati yetu bila salamu, akainama, akalishika kufuli la chini, akaligeuza huku na huku.

"Zima," alisema.

"Ulidhani nini?" kaka mkubwa akamuuliza. Na huyo alilishika la juu, akalitikisa. "Hata hili zima."

Kwa mara ya kwanza tangu kilio cha Baba niliwaona wanakubaliana jambo. Wakafungua, wa juu kwanza, wa chini baadaye, kwa adabu zote. Mlango ulikuwa umevimba kwa maji, ikabidi tuusukume sote watatu. Magunia ya chini yalikuwa yamelala kama nguo, ya katikati yamegeuka mawe ya chumvi na tope. Yaliyofaa kuuzwa niliyahesabu. Nikarudia, kwa mazoea, nikijua idadi haitaongezeka. Kumi na moja.

Waligawana nyumba ya Baba wiki ileile, na sikuona ugomvi. Ugomvi ulikuwa umekwisha kazi yake. Kaka mkubwa alichukua jengo na kiti. Kaka wa Kilembe alichukua yale magunia kumi na moja, kwa hesabu ya nauli zake zote, ambazo alikuwa ameziandika hata zile nilizomlipa. Nikauliza fungu langu. Walitazamana.

"Chukua magunia yaliyobaki," kaka mkubwa akasema.

Alikuwa na maana ya matupu, na yale ya mawe yakishamwagwa. Niliyachukua. Niliyafua mtoni, nikayaanika kwenye uzio wa mume wangu Muhokya, naye hakuniuliza kama mavuno yake yamerudi. Aliyahesabu kwa macho, akaenda shambani. Gunia zima linauzika wakati wa pamba. Arobaini na tisa yalikuwa hayana tundu hata moja. Niliyauza Kasese, moja moja, nikikataa bei ya jumla, na jioni ile kabla ya kupanda gari nilipita kwenye duka la vyuma nikanunua kufuli. Moja. Muuzaji alinishauri nichukue mawili, angenipunguzia.

Nilimwambia hapana, kwetu tunayo.

Na ni kweli tunayo. Kaka mkubwa hakupata kitu cha kuweka ndani ya stoo ile, lakini aliifunga, na mwenzake alikuja mara moja tu, kufunga la chini. Mbele ya kizingiti, pale maji yalipopita, nyasi hazikuota tena. Mbuzi wa jirani waliendelea kuja kulamba udongo, kila asubuhi, kama watu waliopewa zamu.